Kodi ya Milango

Jambo la kwanza nililoliona Shundwe ni kwamba nyumba zake hazina milango. Kuta ni nzuri, mapaa ni imara, madirisha yana mapazia ya maua, lakini pale mlango unapotakiwa kuwa pana uwazi tu. Ndani ya uwazi huo watu wanakula, wanagombana, wananyonyesha watoto, huku wakitupa jicho nje kila mara. Nilidhani ni desturi ya ukarimu. Ndivyo tunavyofikiri sisi wasafiri kabla hatujalala mahali.

Njia niliyopita kufika huko sitaieleza, haina faida kwa msomaji. Nitaeleza nilichokiona na kukisikia, na nitajitahidi nisitie chumvi, maana jambo lenyewe lina chumvi ya kutosha.

Katika ofisi ya wageni nilipokewa na Karani Subeti, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembelezea watoto. Alinikaribisha chai. Nilipokuwa nanyanyua kikombe, mtu aliyesimama nyuma yangu akaangusha sinia la bati sakafuni. Niliruka, na chai ikanimwagikia mapajani. Lazima niseme mapema kwamba mimi ni mwoga wa kuzaliwa, na sijawahi kuficha. Mbuzi akikohoa gizani mimi natafuta viatu. Subeti na mwenzake wakatazamana wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Utuwie radhi, mgeni wetu," alisema Subeti akinipa kitambaa nijifute. "Unaogopa vizuri sana."

Nilimuuliza habari za milango. Akanieleza kwa subira kwamba Shundwe kodi hulipwa kwa milango. Pesa hupanda na kushuka, alisema, lakini mlango ni mlango. Kila mwaka baada ya bajeti kupitishwa, watu wa kodi hupita mitaani na kung'oa milango kadiri ya mgao uliopitishwa, na asiyebaki nao huchonga mpya wa kulipia, kisha huipandisha mlimani kujenga Boma la Tahadhari, litakalowakinga wananchi na Gunda.

"Gunda ni nani?" niliuliza.

Subeti akachungulia nje kabla ya kujibu. "Ndiyo maana tunajenga boma, bwana. Ili tusije tukamjua."

Nilimwambia, kwa heshima zote, kwamba mtu asiye na mlango atamwogopa huyo Gunda kuliko mwenye mlango. Nilitegemea akasirike, lakini alifurahi kama mwalimu aliyepata mwanafunzi mwelewa. Alikubali kwamba ni kweli, anamwogopa zaidi, na anayemwogopa zaidi hulipa bila kusukumwa. Zamani, alisema, serikali moja iliwahi kuwahurumia watu ikawaachia milango yao. Walilala vizuri mwaka mzima, na bajeti ya mwaka ule ikakwama.

Nilipangiwa kulala kwa mjane mmoja aitwaye Zawena, huko Bondeni. Mtaa huo uko chini ya ziwa. Sisemi kando ya ziwa, nasema chini yake: maji yako juu, watu wako chini, na kinachowatenganisha ni Tuta, ukuta mnene wa udongo uliojengwa na mababu zao. Zawena alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyesuka vikapu vya kubebea udongo. Watu wa Bondeni wakiisha kulipa kodi ya boma huenda wenyewe kuziba nyufa za Tuta kwa vikapu hivyo, kwa kuwa serikali haikuwahi kupata mbao za kuliegemezea.

"Gusa hapa," aliniambia siku niliyofika, akaniwekea kiganja changu kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba. Ukuta ulikuwa baridi, na nilipotoa mkono ulikuwa umelowa. "Mwaka jana ulikuwa mkavu."

Humo ndani alikuwamo pia mama mkwe wake, Bi Saumu, kikongwe asiyeweza tena kutembea, ambaye akili yake huja na kuondoka. Jua lilipozama, Bi Saumu aliinua kichwa kwenye mto akasema, "Mwanangu, funga mlango, baridi inaingia."

Nilisubiri Zawena amweleze kwamba mlango haupo. Hakumweleza. Aliinuka, akaenda akakaa pale kwenye uwazi, akaupa upepo mgongo, akaupanua mtandio wake mpaka ukagusa kuta pande zote mbili. "Nimefunga, mama," alisema. Alikaa hivyo hadi kikongwe akapitiwa na usingizi. Niliambiwa kwamba hufanya hivyo kila siku.

Mimi sikulala. Sijui kama msomaji amewahi kulala katika nyumba isiyofungika, katika mtaa mzima usiofungika, huku kila anayepita nje akisikika kana kwamba anakuja kwako. Mbwa akitembea, ni Gunda. Jani likiburuzika, ni Gunda. Kabla ya alfajiri nilikuwa nimeshakubali moyoni kwamba boma lile ni jambo la lazima, mimi ambaye mchana wake nilikuwa nacheka.

Asubuhi nilimsaidia Zawena kumgeuza Bi Saumu ubavu. Shuka lilisogea, na chini ya godoro nikaona mbao za mninga zilizochongwa maua, na pembeni mwa mbao hizo bawaba mbili za shaba. Niliinua macho. Zawena alikuwa ananitazama bila kupepesa.

"Ni kitanda," alisema.

"Naona ni kitanda," nilimjibu.

Akashusha pumzi. Kuanzia hapo aliongea nami kama ndugu. Aliniambia kwamba marehemu mumewe aliuchonga mlango ule kwa mikono yake, na kwamba anayeficha mlango huhesabiwa kuwa ameungana na Gunda. Kisha akaniambia jambo ambalo Subeti hakuwa amelifikia, nalo ndilo lililonifanya nikose raha hadi leo.

Bajeti ya Shundwe haipigiwi kura. Waliwahi kupiga kura, lakini kila wizara ilidai kuwa yake ndiyo haja kubwa, na kelele zikawa hazina mwisho. Mtu mmoja mwenye hekima ya ofisini akashauri kwamba haja ya kweli ni ile inayotisha. Wakatafuta kipimo. Huletwa bakuli la maji lililojaa pomoni, kisha hupewa mtu alishike kwa mikono miwili mbele ya Baraza, juu ya sinia. Kila waziri husimama na kueleza hatari anayopambana nayo. Mshika bakuli akitetemeka, maji humwagika kwenye sinia, yanapimwa kwa kikombe, na wizara hupata milango kulingana na maji iliyoyamwaga. Mshika bakuli lazima awe mgeni, kwa sababu wenyeji wana vyama, na mikono yao haiaminiki.

"Mgeni wa mwaka huu ni wewe," alisema Zawena. "Wewe ndiye bajeti yetu."

Nilikumbuka sinia la bati na mapaja yangu yaliyoungua, na nikaelewa.

"Tuta hutengewa nini?" niliuliza.

"Tone. Mjumbe wetu Bwana Ndemla ni mtu wa kweli, anasema mambo kama yalivyo. Anasema Tuta linavuja, naomba mbao. Nani atetemeke kwa maneno hayo? Wameyasikia miaka yote." Akavuta ukindu wa kikapu. "Mgeni, sikuombi uongo. Likitajwa Tuta, ukumbuke tu ule ukuta ulioushika. Basi."

Siku ya Mgao, Subeti alinifuata mwenyewe na kunipeleka mlimani. Jengo la Baraza liko ndani ya Boma la Tahadhari, na boma hilo ni milango mitupu: milango juu ya milango, mingine ina nambari za nyumba, mingine ina michoro ya chaki ya watoto, mmoja una alama za kupimia urefu wa mtoto hadi mahali alipoacha kurefuka au walipoung'oa. Nilijikuta natembea kwa kunyata, kama niliyeingia nyumba za watu wote bila hodi.

Langoni alikuwa amekaa mtu ambaye mikono yake yote miwili, kuanzia vidole hadi kwenye viwiko, ilikuwa ndani ya bonge la chokaa kavu. Mwanamke mmoja alikuwa akimlisha uji kwa kijiko.

"Huyu alikuwa mshika bakuli," alieleza Subeti kwa sauti ile ile ya kubembeleza. "Alitikisa kwa makusudi. Alikuwa ameoneshwa shule moja iliyobomoka paa, akaingiwa na huruma. Baraza haliwezi kupangiwa matumizi na huruma, bwana. Huogopi ukaonekana unaogopa, huo ni wizi wa mali ya umma."

Mtu yule aliniangalia. Macho yake yalishuka mikononi mwangu, na mimi nikaificha kwapani.

Kikao kilianza kwa mabishano marefu kuhusu jasho. Mjumbe mmoja alitaka kujua kama jasho la mshika bakuli likidondoka kwenye sinia lihesabiwe kuwa maji ya wizara au ni mapato yasiyo ya kodi. Spika aliunda kamati. Kisha nikakabidhiwa bakuli, zito, limejaa hadi ukingoni, na mawaziri wakaanza.

Waziri wa Elimu alikuja na fuvu la simba. Waziri wa Sherehe alieleza, tena kwa machozi, kwamba sikukuu zikipunguzwa watu watapata nafasi ya kukaa na kufikiri. Nilimwaga kidogo kwa fuvu, na kidogo zaidi kwa Waziri wa Sherehe, kwa sababu Baraza zima liliguna kwa hofu na mimi huambukizwa upesi. Karani Subeti alipima, akatangaza, na kila aliyepata alipigiwa makofi.

Ndipo akasimama Waziri wa Tahadhari, Mheshimiwa Shungi. Alikuwa mzee mfupi aliyeongea polepole, bila kuinua sauti. Hakuleta fuvu. Alisema Gunda hana umbo, ndiyo maana hajaonekana. Alisema Gunda hasogei ukimtazama. Alisema anapenda nyumba ambayo mtu mmoja amelala na mmoja yuko macho, na humwendea yule aliye macho. Nilikumbuka usiku wangu kwa Zawena. Nilijua mtu huyu anatunga, nilijua kabisa, lakini mikono haikuniuliza ninajua nini. Maji yalimwagika hadi miguuni.

Upande wa upinzani ukasimama kupinga. Nilipata matumaini kidogo. Kiongozi wao alilaumu vikali kwamba serikali imeficha ukweli, kwamba Gunda ni mkubwa mara mbili ya anavyoelezwa, na kwamba boma lijengwe la tabaka mbili. Walijibizana juu ya ukubwa wake hadi Spika akagonga meza. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama yupo.

Katika orodha ya hoja, Tuta lilikuwa la mwisho. Bwana Ndemla, mjumbe wa Bondeni, alikuwa amekaa karibu yangu, mtu mwembamba mwenye shati lililofuliwa hadi likapoteza rangi, amepakata kikapu cha ukindu chenye bonge la udongo mbichi uliotoka Tutani asubuhi ile. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye udongo ule hadi kwenye viatu vyake. Nilimtazama, nikatazama kule langoni alikokuwa mtu wa chokaa, na nikaamua. Nilikuwa na hofu ya kweli kwa ajili ya Tuta, tena kubwa, na nisingeizuia. Nilimngoja tu aitwe.

Lakini Mheshimiwa Shungi akaomba nyongeza. Kanuni zinamruhusu waziri aliyemwaga maji mengi kuomba nyongeza kabla ya hoja ndogo. Alisimama tena, akafungua mdomo, na kabla hajatamka neno la pili bakuli likaanza kutetemeka.

Sikuwa mimi. Naapa sikuwa mimi. Mikono yangu ilikuwa imetulia, nilikuwa naihifadhi kwa ajili ya Tuta. Mtetemo ulitoka sakafuni, ukapanda miguuni, ukaingia kwenye magoti, ukafika kwenye bakuli, na maji yakaanza kuruka. Kisha tukasikia ngurumo ndefu, nzito, kutoka bondeni.

"Mheshimiwa Spika," alisema Bwana Ndemla akisimama, uso umempauka. "Hilo ni Tuta."

"Mheshimiwa, hoja yako haijafikiwa. Kaa."

"Mheshimiwa Spika, Tuta limekwenda. Watu wako chini."

"Kaa, Mheshimiwa. Waziri yuko kwenye hoja."

Mheshimiwa Shungi alikuwa amenyoosha kidole kuelekea sauti inakotoka. Alikuwa anatetemeka mwenyewe, na nadhani kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameyaamini maneno yake mwenyewe. "Mnasikia?" alisema kwa sauti ya chini. "Ni yeye."

Nilipiga kelele kwamba si mikono yangu, kwamba ni ardhi, waangalie miguu ya meza. Mshika bakuli haruhusiwi kusema, hivyo hakuna aliyenisikia. Bakuli lilibaki tupu. Subeti aliinama akainua sinia kwa uangalifu, akasema halijapata kutokea tangu mgao uanze, na Wizara ya Tahadhari imepata maji yote. Wajumbe walipiga makofi huku wanalia. Halafu Spika akaamuru lango la boma lifungwe.

Bwana Ndemla na mimi tulipita likiwa linafungwa. Nyuma yetu nilisikia makomeo mengi yakiingia mahali pake, moja baada ya jingine.

Sitaeleza yote tuliyoyakuta Bondeni. Maji yalikuwa yameingia kila nyumba kwa mahali pale pale palipokuwa na mlango, yakatokea upande wa pili na ukuta. Wengine walikuwa juu ya mapaa wakiita majina. Ndemla alijitupa kwenye maji akielekea kwake, na sikumwona tena siku ile. Mimi nilikuwa naogopa hadi meno yanagongana, lakini nilitembea ukingoni nikiita Zawena, Zawena, hadi sauti ikakauka.

Niliwakuta wamenasa kwenye matawi ya msufi. Bi Saumu alikuwa amelala chali juu ya mlango wa mninga, amefunikwa shuka, mkavu kuanzia kifuani kwenda juu. Zawena alikuwa majini ameshika bawaba ya shaba, midomo imekuwa ya kijivu. Kitanda kilikuwa kimeelea. Katika mtaa mzima ndicho kitu pekee cha mbao kilichokuwa kimebaki. Tulikivuta pamoja na watu wawili wa jirani hadi kwenye mwinuko wenye nyasi, na Zawena akaanguka kando yake akaweka shavu kwenye yale maua yaliyochongwa. Alilia kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nami nililia, kwa furaha, sioni haya kusema.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Karani Subeti alipofika na watu wa kodi. Walikuja kwa mashua iliyoungwa kwa milango. Nilidhani wameleta chakula. Subeti alitupa pole, akamsabahi kila mmoja, akauliza hali ya Bi Saumu. Kisha akainama, akapitisha kidole kwenye bawaba.

"Hiki ni kitanda," alisema Zawena.

"Kina bawaba, mama."

"Kimemwokoa mama yangu leo. Umeona mwenyewe."

"Nimeona, na nimefurahi kutoka moyoni." Nina hakika alifurahi, alikuwa na machozi. "Ndiyo maana sitaandika kwamba ulikificha. Nitaandika kwamba umekitoa kwa hiari. Baraza limepitisha boma la tabaka mbili, na Gunda amefika hadi Bondeni. Kila mlango unahitajika. Mlango ni mlango, mama, hata ukilaliwa."

Nilisema maneno mengi. Nilisema Gunda ni maji, nilisema mbao zile zingetosha kuegemeza Tuta tangu mwaka jana, nilisema wanamng'oa mgonjwa. Subeti alinisikiliza hadi mwisho. Akanishukuru kwa mikono yangu, akasema imelitumikia taifa, na kwamba Baraza lingependa nilishike tena bakuli mwaka ujao. Watu wake wakamnyanyua Bi Saumu kwa upole mkubwa, wakamlaza kwenye nyasi zilizolowa, wakauchukua mlango. Zawena hakupigana. Alikuwa ameishiwa nguvu, na wao walikuwa wengi.

Mashua ilipoondoka ilikuwa imezama kidogo zaidi kwa uzito wa mlango mmoja. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kiasi cha kushindwa kufunga kifungo cha koti nililotaka kumfunika kikongwe, na hapakuwa na mtu wa kupima.

Jua likazama. Bi Saumu akainua kichwa kutoka kwenye nyasi, akatazama huku na huku. Hapakuwa na nyumba, wala ukuta, wala uwazi wowote wa kuita mlango. Palikuwa na maji tu, na upepo uliokuwa ukitoka juu yake.

"Mwanangu," alisema, "funga mlango, baridi inaingia."

Zawena aliinuka kwa taabu. Aliangalia upepo unakotoka, akaenda akakaa hapo, akaupa mgongo, akapanua mtandio wake uliolowa. Ulifika nusu tu. Nilikwenda nikakaa kando yake, bega kwa bega, nikapanua koti langu upande uliobaki.

"Nimefunga, mama," alisema Zawena.